Gari la Mgeni Rasmi Mbele ya Basi la Wakata Asparaga

Mgeni rasmi, Naibu Waziri wa Kazi, basi lililo nyuma yako limeshawasha injini, kwa hiyo tutasoma upesi.

MAKARIBISHO
Sisi wakulima na wakazi wa Sandbüttel, hapa Ujerumani, tunakukaribisha. Desturi yetu, mgeni hupokewa na Malkia wa Asparaga. Mwaka huu ni Ilinca, binti wa Mirela Ciobotaru wa Romania. Yumo ndani ya basi, taji kichwani. Tafadhali mpungie mkono.

HISTORIA FUPI
Asparaga, mboga yetu nyeupe, hukatwa ingali chini ya udongo. Ikishaliona jua, haiuziki. Miaka yote Waromania ndio walioinama, sisi tukasimama kuwatazama. Mwaka jana tukalalamika kuwa wanatushushia mishahara na kutujazia zahanati. Tukaomba mabweni yao yafungwe, ofisi yako ikakubali. Leo wanaondoka, nawe umetuletea cheti cha pongezi.

MAFANIKIO
Mshahara umepanda kweli. Wa kuupokea ndiye hajapatikana. Mwenyekiti wetu, Bwana Helmke, alijitolea awe wa kwanza. Alikata asparaga moja, akabaki ameinama.

Mirela akamwambia, "Mzee, inuka basi, picha imeshapigwa!"

"Mwanangu, siigizi. Niitie muuguzi."

Foleni ya zahanati imekwisha. Muuguzi mwenyewe, dada yake Mirela, amekataa kubaki peke yake. Yuko kiti cha mbele cha basi.

CHANGAMOTO
Shule. Nusu ya watoto wamo humo ndani ya basi. Wakienda, itafungwa, na wetu watasoma mji wa mbali. Tuliwaza kuandikisha wazee wa kwaya. Wamekubali, ila hesabu hawataki.

MAOMBI
Cheti tunakirudisha. Mabweni yafunguliwe. Tulikosea, mheshimiwa, na tulikosea kwa kupiga kura.

Tena, gari lako limeziba lango, basi haliwezi kutoka. Dereva wako anasema, "Nalisogeza sasa hivi." Tunaomba asilisogeze. Ule kwanza. Kuna supu. Baada ya supu kuna supu nyingine.

Mungu akujalie njaa ndefu.

Ni sisi,
Umoja wa Wakulima na Wakazi wa Sandbüttel

Yaliyofuata, kwa kumbukumbu: Mgeni rasmi alikunywa supu moja. Gari likasogezwa. Mirela anakata asparaga Uholanzi; tunazinunua. Shule ni ghala la viazi. Bwana Helmke amenyooka kiasi. Taji lilirudishwa kwa posta. Halijapata kichwa.