Hawa Hawapokei Barua

Kabla sijamsifu mwenye sherehe, nijisifu kidogo, maana mimi ni mtu wa bahati. Nimeendesha magari katika nchi nne, nimepinduka mara mbili na kutoka bila mkwaruzo. Ninakaa mitaa miwili tu kutoka kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu, lakini mayai ya kuku wangu yalipopimwa yalikutwa safi kama pamba. Waliosoma waeleze hilo. Mimi darasa la saba sikulimaliza.

Sasa tuje kwa mwenyewe. Dada yetu, mchukua sampuli mkuu wa maabara hii, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Miaka kumi na tisa kati ya hiyo nimemwendesha mimi. Ofisini ana cheo kirefu kisichoenea kwenye kitambulisho. Mtaani wanamwita Mama Mayai, na jina hilo lilizaliwa na hasira.

Kiwanda kile kinachoma nyaya pamoja na maganda yake ya plastiki ili kipate shaba. Moshi wake unabeba dioksini, sumu ambayo huioni wala huinusi, inayotua kwenye udongo na kukaa humo miaka na miaka. Sheria inasema kabla ya kupima bomba la moshi, mwenye kiwanda aandikiwe barua siku saba kabla. Basi tunaandika. Tukifika, tanuru limezimwa, sakafu imepigwa deki, meneja ametupangia soda baridi mezani. Mara kumi na moja tumepanda ngazi za bomba lile na pampu begani, na mara kumi na moja tumepima pumzi ya tanuru lililolala.

Mara ya mwisho Dada aliposhuka, alivua glavu, akaisukuma soda pembeni, akatoka mpaka getini. Ng'ambo ya barabara kuku wa watu walikuwa wanachakura. Akawatazama weee, kisha akaniambia, "Mdogo wangu, hawa hawapokei barua."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kuku anayejitafutia hudonoa udongo, sumu inaingia kwenye mafuta yake, na mafuta yanaishia kwenye kiini cha yai. Dada akagonga milango arobaini kuzunguka kiwanda, akiomba mayai kama mgeni anayeomba maji ya kunywa. Kila yai alilifunga kwa karatasi ya alumini, akaandika namba kwa penseli. Wiki ya kwanza mimi, kwa njaa zangu, nilichemsha sampuli nikadhani ni staftahi. Hakunifokea. Alifungua fomu ya serikali, akajaza kwa mwandiko wake mzuri: "Sampuli namba nne imeliwa na dereva." Kisha akaenda kuomba yai jingine. Fomu ipo kwenye faili mpaka leo, na mhuri juu.

Majibu yalirudi miaka minne iliyopita. Nyumba thelathini na tatu kati ya arobaini zilizidi kiwango. Nyumba namba kumi na saba, mbaya kuliko zote, ilizidi mara tisa. Dada aliyachapa kwenye kurasa ishirini na mbili, akampelekea mkurugenzi kwa mikono yake. Mkurugenzi akaandika juu yake, "Yafanyiwe uhakiki," akayatia kwenye droo. Miaka minne. Sijui mhakiki huyo anahesabu kwa vidole vya miguu ama vipi. Kisha tukaletewa waraka: mwenye nyumba yeyote asiambiwe majibu yake, isije ikazuka taharuki.

Taharuki ya nani? Mtoto anachovya mkate kwenye kiini, sisi tunaogopa mama yake atashtuka? Nasema hapa kwa maandishi, na afisa utumishi akitaka kulifuta neno hili anifuate gereji: ile droo ni aibu yetu sote.

Dada ameomba mara kumi na nne majibu yatolewe. Hakutaka kingine. Wakati huohuo alirudi kwenye milango ileile, akawasihi watu bila kutaja namba: fungieni kuku, msiwape watoto hayo mayai. Wengine walisikia. Wengi walimcheka. Mama mmoja mwenye genge alimwambia mbele yangu, "Shemeji hapa anakaa karibu na moshi kuliko sisi, na ya kwake ni safi, amesema mwenyewe. Sasa wewe unatutisha nini?" Dada alinitazama. Akamuaga mama yule. Tukarudi garini, na njia nzima aliniulizia habari za wanangu.

Ofisi imemzawadia saa ya ukutani. Nadhani ni ili aone vizuri uhakiki unavyochelewa.

Dada, ahsante kwa miaka yote, kwa chai ya chupa tuliyogawana kwenye kifuniko kimoja, na kwa siri uliyonitunzia wakati ungeweza kuitoa na ukashinda ubishi palepale. Nenda kapumzike. Tunakuombea magoti yasiyouma, wajukuu wasiokohoa, na ua wenye udongo ambao hauhitaji kupimwa na mtu.

Waraka unakataza kumtajia mwenye nyumba majibu yake. Mimi nilitajiwa ya kwangu kwa sababu ni mtumishi, na haukuandikwa waraka wa kumkataza mwenye nyumba kutaja ya kwake. Kwa hiyo mama wa genge, na majirani wote mtakaosomewa karatasi hii: ile bahati niliyojisifia pale juu ni uongo. Niliona haya, maana mayai yale nimewalisha wanangu watatu na trei nzima nikampelekea mama mkwe kwa mbwembwe. Namba kumi na saba ni nyumba yangu.