Léonie Bwembya (1971–2025), Aliyeuingiza Upepo wa Mweru katika Sheria ya Anga

Wasifu huu unasomwa Kabuta, Jumamosi tarehe 17 Mei 2025, na Didier, mtoto wa mjomba wake.

Léonie Bwembya alizaliwa hapa Kabuta, wilaya ya Nchelenge, Zambia, tarehe 14 Machi 1971. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Kunda Bwembya, mvuvi, na mama Emilienne, aliyevuka kutoka Kilwa ya Kongo kuuza vitenge akaolewa huku huku. Baba alisema Kibemba, mama Kiswahili, na Léonie alijibu kwa lugha aliyoulizwa. Wasifu wa Kibemba umesomwa kanisani. Huu ni wa ndugu waliovuka ziwa Mweru kuja kumzika.

Alisoma shule ya msingi Kabuta, kisha sekondari ya bweni Mansa, na mwaka 1994 alimaliza masomo ya sheria Lusaka. Baba yake alikuwa akitaka awe muuguzi. Watu walipomuuliza sokoni binti anasomea nini, mzee alijibu, "Anasomea kubishana," akacheka peke yake.

Tarehe 7 Agosti 1999 alifunga ndoa na mwalimu Chikondi Mbewe katika kanisa la Kashikishi. Mchungaji alipowapa cheti watie sahihi, bibi harusi alikisoma chote, akakuta jina la baba mkwe limekosewa, akakataa kalamu. Kwaya iliimba nyimbo tatu za ziada mpaka cheti kingine kikaandikwa.

Tangu 1996 kazi yake ilikuwa kuandika miswada ya sheria serikalini. Machi 2003 ziwa lilimchukua mdogo wake, Levy, pamoja na wavuvi wengine sita, dhoruba ilipowakuta katikati ya maji. Léonie alizika, akarudi kazini, na kwa miaka mingi hakulizungumza jambo hilo.

Mwaka 2020 aliwekwa katika kikundi cha watu wanne cha kuandika sheria ya kuunda shirika la taifa la anga. Rasimu ya kwanza ilitaja utafiti, setilaiti, wataalamu na heshima ya nchi. Likizo iliyofuata alikuja nayo Kabuta, akawafafanulia wanawake wanaonunua samaki mitumbwi inapofika. Mama Agnès, mfanyabiashara wa Kilwa, alimkatiza.

"Léonie, ile satelite iko naona mawingu ya ku ziwa?"

"Iko naona, mama."

"Sasa juu ya nini hakuna mutu anatuambiaka?"

Léonie aliporudi Lusaka aliandika kifungu cha tisa: kwamba kazi ya kwanza ya shirika ni kuwapa watu wa maziwani habari za dhoruba, bila malipo, kwa lugha wanazozisikia.

Kamati iliyopitia rasimu ilikifuta. Mwenyekiti alimwambia kwamba sheria ya anga si mahali pa kuandika habari za mitumbwi.

"Mheshimiwa," alijibu, "upepo nao uko angani."

Alikirudisha mara tatu. Mwaka 2022 madaktari walimwambia ana saratani ya titi, na alihudhuria kikao cha mwisho akiwa amefunga kitambaa kichwani. Sheria ilipita Novemba 2023, kifungu cha tisa kikiwamo, lakini maneno kuhusu lugha yalikuwa yameondolewa. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha.

Septemba 2024 aliacha kazi kwa ugonjwa akarudi Kabuta. Machi mwaka huu, uvuvi ulipofunguliwa, habari za upepo zilizotakiwa na kifungu hicho zilianza kusomwa redioni kwa Kiingereza na Kibemba. Kila mchana Léonie alizirekodi kwa Kiswahili katika simu yake, akamtumia mama Agnès, naye akazitoa kwa kipaza sauti upande wa Kilwa.

Wiki ya pili alitangaza dhoruba, na haikuja. Kesho yake Florent, mvuvi wa Kilwa, alivuka kuja kulalamika.

"Mama Léonie, upepo yako iko wapi? Tulibakia ku nyumba bule!"

"Mutanitukana tena siku ingine," alimwambia. "Lakini mutanitukana mukiwa bazima."

Tarehe 27 Machi alitangaza tena. Wengi walinung'unika, wakabaki. Alasiri upepo ulivunja mitumbwi kumi na mmoja iliyokuwa imefungwa ufukweni. Hakuna mtu aliyekuwa ndani.

Mwezi wa tano sauti yake ilikatika, na binti yake Mimi akashika simu. Jumanne tarehe 13 Mei, saa tisa alasiri, Léonie alimnong'oneza, "Umeshasoma ya leo?"

"Nimesoma, mama. Ziwa limetulia. Wanaweza kwenda."

Aliitikia kwa kichwa. Saa kumi alikata roho, akiwa na miaka hamsini na minne.

Ameacha mume wake Chikondi, watoto wawili, Mimi na Kabwe, mjukuu mmoja, Princesse, mama yake Emilienne, na ndugu wa pande zote mbili za ziwa. Mungu ampokee, ampe raha aliyoikosa katika ugonjwa.