Wajhandwal Wametoka Wapi

Kijiwe chetu ni vitanda viwili vya kamba kwenye kivuli cha baraza la kijiji, kiko cha maji katikati. Joto la Haryana mwezi wa sita halina adabu, hata kubishana kunachosha. Siku hiyo nilikuwa na Wakili, ambaye sheria hajasoma, amezeekea tu mahakamani akidai shamba. Na Askari, mstaafu wa jeshi. Na Redio, ambaye hazimiki. Akaja Dalip, uso umemsawajika. Mwanawe Sombir ana mvi na hajaoa. Wasichana huku ni haba, na sababu tunaijua wenyewe tuliotaka wana tu. Sasa amepatikana mmoja wa ukoo wa Mehlan, na kwao wanataka jibu leo jioni. Sisi ni Wajat wa ukoo wa Jhandwal, na Mjat haoi ukoo wake wala ukoo ulio ndugu. Dalip aliuliza jambo moja tu: Mehlan ni ndugu zetu, au sio?

— Ndugu kabisa, akasema Askari, macho kayafumba. Babu zetu walitoka jangwani Rajasthan, mtu na mdogo wake. Ukame ukawatenganisha. Mkubwa akabaki huku, ndio sisi. Mdogo akavuka mto Yamuna, ndio Mehlan.

— Nani kakwambia? Wakili akauliza.

— Babu.

— Babu yule yule aliyesema treni inasukumwa na jini?

— Mtukane wako, wangu muache.

Wakili akakohoa, kama yuko mbele ya hakimu.

— Jangwani tulipita tu. Asili yetu Ghazni, mbali ng'ambo ya milima. Tulitoka huko baba mmoja: sisi, Mehlan, Sirwal...

— Sirwal! Dalip akaruka. Kaka, mama yake Sombir ni Sirwal! Nimeoa dada yangu?

Wakili akavuta kiko, akavuta tena.

— Basi Sirwal walijiunga njiani.

Redio alikuwa anawashwa siku nyingi.

— Mbona mnaishia karibu? Nimemsikia mtu kwenye simu, mtu mzima na tai yake. Wajhandwal wamefika mpaka Urusi. Wale Warusi, ule urefu unadhani wameutoa wapi?

— Kwa hiyo na Mrusi haolewi? Askari akauliza.

— Haolewi! Dada yetu yule.

Dalip akakaa chini, mgongo ukutani.

— Jamani, nimechoka. Kila mkifungua mdomo ukoo unakua, na mwanangu anazidi kuzeeka. Niwaambie nini hao watu?

Hapo akaja Rupali, mkamwana wa Wakili, kukusanya glasi za chai. Mwanawe Wakili naye alikosa mke huku, dalali akamletea huyu kutoka Assam, safari ya siku kadhaa kwa treni. Alikuwa amejifunika ushungi mpaka kidevuni, kama inavyompasa mbele ya wakwe. Mkamwana hasemi barazani. Yeye akasema.

— Baba, niulize?

Wakili akashtuka.

— Uliza, binti.

— Mwanangu Kajal anakua. Wakija kumposa watauliza ukoo wa mama yake. Niseme ukoo gani?

Wakili akamtazama Askari. Askari akatazama chini. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alizimika. Miaka yote hiyo Rupali amekamua nyati zetu za kufugwa na kutupikia mikate, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza ni mtoto wa nani. Niliona aibu, na bado sikufungua mdomo.

Dalip ndiye aliyenyanyuka, akiwa kama mtu aliyetua mzigo.

— Wakili, kaka yangu, akasema. Yule dalali aliyekuletea huyu, bado anafanya hiyo kazi?

Rupali alikuwa amesimama pale pale, glasi mkononi, anangoja jibu lake.