Mnyoo wa Saba wa Bazilio Reverien

Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1976, saa moja na nusu asubuhi, Bazilio Reverien alikunywa uji nyumbani kwa wazazi wake, Heru Juu. Saa mbili na dakika kumi aliketi na hadubini yake dirishani penye jua. Saa nne kasoro robo aliomba maji. Yalipoletwa, saa nne kasoro dakika kumi, alikuwa ameinamia meza na hakuitika. Hakuwa ameugua hata siku moja ya likizo hiyo. Kwa hiyo aya ya ugonjwa, ambayo kwa desturi ingesomwa leo katika wasifu huu wa msibani, haipo.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1937 hapa Heru Juu, mtoto wa pili wa Mzee Reverien na Mama Pelagia. Alisoma shule ya misheni Kasulu, kisha sekondari Tabora, alikomaliza mwaka 1957. Bahari aliiona mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini na miwili, akaandika nyumbani kwamba ni kubwa mno, "lakini haina kilima hata kimoja."

Tangu 1964 alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa samaki huko pwani. Alichunguza minyoo bapa, midogo kuliko punje ya ulezi, inayojishikiza kwa kulabu kwenye matamvua ya samaki wa baharini. Kila mnyoo aliupima, akauchora mara nne, akahesabu kulabu zake upya kila mara. Aina sita ambazo hazikuwahi kujulikana zilipata majina kwa mkono wake.

Mwaka 1966 alikwenda Murungu, Kibondo, kumposa Theodosia. Mzee Makarius, baba wa binti, alimwuliza kazi yake.

"Minyoo? Una dawa yake?"

"Sina, baba. Naipa majina."

"Mjukuu wangu ana wiki tatu hajapewa jina, wewe unaipa minyoo! Haya, binti nimekupa. Ila hao wageni wako wabaki huko huko pwani."

Walifunga ndoa tarehe 19 Novemba mwaka huo.

Agizo la mkwewe hakulishika. Likizo hii alikuja na aina ya saba, ndani ya chupa tatu za spiriti, ili amalize maelezo yake. Alipofariki, wanawake wa ukoo walimwaga maji yote ya nyumba, kama tufanyavyo kifo kinapoingia. Shangazi Esteri alimwaga mitungi uani, akamwaga na chupa.

"Shangazi, hayo si maji!" alilia Epifania, mdogo wa marehemu, ambaye ni fundi wa maabara.

"Yalikuwa naye chumbani alipokufa, mwanangu. Yasilale humu."

Kuku walifika kabla yetu.

Bila kielelezo, yaani mnyoo wenyewe, kinachohifadhiwa makumbusho, jina la aina mpya halitambuliwi, hata michoro iwe mizuri namna gani. Kimebaki kipande kimoja cha kioo, kilichokuwa chini ya hadubini, chenye mnyoo mmoja. Shangazi hajala tangu juzi. Familia inamwambia mbele yenu nyote: hukukosa, ulitenda ulivyofundishwa. Epifania atakipeleka kioo hicho pwani pamoja na michoro. Kama kitakubaliwa, hatujui.

Marehemu ameacha wazazi wake wawili, mjane Theodosia, watoto watatu na ndugu watano. Mungu ampokee, ampe pumziko ambalo hata likizoni hakulichukua.

Imeongezwa kwa misa ya kumbukumbu, tarehe 14 Agosti 1977: Maelezo ya aina ya saba yalichapishwa mwezi uliopita, mwandishi akiwa marehemu. Kwenye sehemu ya vielelezo pameandikwa: "Kimoja. Vingine vilimwagwa msibani, Heru Juu."