Ardis Kubly na Kilima cha Mialoni

Tunayemsindikiza leo, Ardis Marlys Kubly, alizaliwa asubuhi ya theluji, tarehe 9 Machi 1948, katika shamba la ng'ombe wa maziwa nje ya Blanchardville, Wisconsin. Alikuwa kitinda mimba wa Selmer na Orpha Tollefsrud. Kaka zake wawili, Harlan na Odell, walimtangulia.

Alisoma shule ya chumba kimoja hadi darasa la nane, kisha sekondari, akahitimu mwaka 1966. Njia ya shule ilifuata reli, mahali ambapo nyasi za asili hazikuwahi kuguswa na jembe, na Ardis alichelewa karibu kila siku ya vuli kwa kuchuma mbegu. Mwalimu alimsimamisha kwenye kona. Mama yake alijifunza kukung'uta mifuko ya gauni lake kabla ya kufua, maana mbegu zilikuwa zinaziba bomba la maji.

Mwaka 1967 aliajiriwa posta, akakaa nyuma ya kaunta ileile mpaka alipostaafu mwaka 2003. Alijua nani ameandikiwa na nani ameachwa bila kuandikiwa, na hakuna aliyewahi kusikia lolote kutoka kinywani mwake.

Tarehe 14 Juni 1969 alifunga ndoa na Verlyn Kubly, mfugaji, wakajaliwa watoto wawili, Rhoda na Curt. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na kilima chenye mialoni mikongwe, chenye mteremko mkali mno kwa trekta. Zamani nyasi na maua vilikuwa vikifika mpaka mashinani mwa miti. Lakini miaka ilivyopita vichaka vya kigeni vilifunga kila nafasi, matawi ya chini ya mialoni yakakauka kwa kukosa jua, na hapakuota mche hata mmoja. Ardis alipostaafu alijiunga na kikundi cha watu wanaojitolea kufufua nyasi za asili, kikiongozwa na Leland Zwicky, akawaomba waanzie kwake.

Verlyn hakufurahi.

"Mnakata miti ili muokoe miti?" aliuliza.

"Tunakata vichaka."

"Halafu mnachoma moto."

"Tunachoma, ndiyo. Nyasi hizi zinataka moto."

"Maisha yangu yote nimekuwa nauzuia moto usifike ghalani. Sasa mke wangu ananiletea kiberiti nyumbani."

Hata hivyo, alipouza ng'ombe wake wa mwisho alichukua msumeno wa mashine akapanda nao kilimani. Tangu hapo Jumamosi za baridi zilikuwa zao: kukata, kurundika, kuchoma, kisha soseji na kahawa huku wamesimama kuzunguka makaa. Mwaka wa nne yalichanua maua ambayo hakuna aliyeyapanda. Verlyn alisimama penye ua wa waya akiyatazama.

"Haya yalikuwa wapi siku zote?"

"Chini," Ardis alimjibu. "Yalikuwa yanangoja."

Tarehe 19 Februari 2011 Verlyn aliamka na mafua, akasema angependa kulala. Ardis alitaka mteremko wa kaskazini umalizike kabla theluji haijayeyuka. "Nusu siku tu," alimwambia. Kulikuwa na mwaloni mmoja uliokufa ukiwa wima, ambao Ardis aliomba usikatwe kwa sababu vigogota walikuwa wametoboa viota humo. Upepo ulivunja tawi lake, likamwangukia Verlyn. Alikata roho kabla gari la wagonjwa halijafika juu.

Rhoda, aliyempenda baba yake kupita kiasi, alimwambia mama yake siku ya maziko, "Baba alitaka kulala. Wewe ndiye uliyemtoa kitandani." Ardis hakujitetea, siku hiyo wala baadaye. Kwa miaka mingi Rhoda alikuja Krismasi tu, akakaa mezani akiligeuzia mgongo dirisha linalotazama kilima. Ni Rhoda mwenyewe aliyeomba haya yasomwe leo.

Majira mawili ya baridi Ardis hakukanyaga kilimani. Vichaka vilirudi, vikafika magotini, vikafika kiunoni. Leland alipokuja kuomba ruhusa ya kuendelea alimpa, kisha akavuta pazia. Vuli ya mwaka 2013 wenzake walimkuta huko peke yake na msumeno wa mkono, mikono inavuja damu.

"Huna deni na mtu, Ardis," Leland alimwambia. "Rudi ndani upumzike."

"Nikiacha, Verlyn atakuwa amekufa kwa ajili ya vichaka."

Alifanya kazi hiyo miaka kumi zaidi. Wako waliodhani amesahau. Hakusahau. Kila alipofika chini ya mwaloni ule alisimama, akavua kofia, kisha akaendelea.

Oktoba 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Rhoda aliacha kazi yake Madison akaja kumuuguza. Masika yalipoingia Ardis alitamani jambo moja, kukiona kilima kikichomwa kabla hajafa. Mara mbili kikundi kilijiandaa, na mara mbili upepo ukakataa. Tarehe 11 Aprili Rhoda alimpigia Leland simu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamwambia, "Leo upepo umetulia. Njooni." Kisha akakivuta kitanda cha mama yake mpaka dirishani.

"Unaona?"

"Naona moshi," Ardis alisema. Walitazama mstari wa moto ukipanda taratibu. Kisha akasema, "Hujanisamehe."

Rhoda alimrekebishia blanketi. "Bado, mama. Ila nipo."

"Nakuona."

Alifariki siku tatu baadaye, alfajiri ya tarehe 14 Aprili 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa Rhoda. Nje kilima kilikuwa cheusi chote.

Ameacha watoto wawili, Rhoda, na Curt pamoja na mkewe Janelle, wajukuu watatu, na wenzake wa Jumamosi, ambao ndio watakaobeba jeneza. Leland ameuliza ni nani sasa atakayewapa ruhusa ya kupanda kilimani. Rhoda hajajibu, na tunaomba asiharakishwe.

Ardis atalazwa kushoto kwa Verlyn. Bwana awape wote wawili pumziko.