Léopold Kalume, Aliyecheza Akitazama Mlango
(14 Machi 1979 – 11 Julai 2015)

Jana pikipiki iliponishusha Base Camp, hapa kambini Nakivale, nilisimama sokoni nisijue pa kuelekea. Mimi ni Pacifique, mdogo wake marehemu. Nimezoea kufika miji nisiyoijua na kuuliza njia kwa lugha yoyote inayosaidia. Hapa niliuliza kwa lugha tatu, na kila niliyemwuliza aliniuliza kwanza natoka wapi. Mama mmoja akasema, "Léopold? Unamutafutia nini?" Nilipomjibu kwamba nimekuja kumzika, alinishika mkono akanileta. Ndivyo kaka yangu alivyowazoesha majirani zake: mgeni asionyeshwe nyumba.

Léopold alizaliwa Uvira, Kivu ya Kusini, Kongo, mwana wa kwanza wa marehemu baba Nehemiya na marehemu mama Vumilia. Alisoma hukohuko, na alikuwa mwaka wa tano wa sekondari vita vilipofika, Oktoba 1996. Baba alimweka mlangoni asikilize magari wakati sisi tukifunga mizigo. Njiani tulitengana. Nadhani hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba zamu yake imekwisha.

Alipitia Burundi na Tanzania, akapokelewa kama mkimbizi hapa Nakivale, Uganda, Aprili 2002. Alilima mahindi na maharage, kisha akafungua kibanda cha kutengeneza redio na simu. Tarehe 18 Desemba 2004 alimwoa Madeleine. Shemeji anasimulia kwamba siku ya harusi bwana harusi alivigeuza viti vyao vitazame mlango, ndiyo maana picha zote zinawaonyesha upande.

Alipokwenda Mbarara kununua vipuri, alipita mtaa wa Ruti kwa Bwana Kasim, mwenye chumba cha intaneti. Huko, mwaka 2009, alianza kucheza sataranji mtandaoni, na huko mtandaoni nikaliona jina lake, nikampata tena. Nilicheza naye kutoka kila mji niliopita. Alicheza kwa hofu. Alimficha mfalme mapema, akapanga askari mbele yake, na malkia wa adui akisogea tu, alirudisha kila kitu nyuma mpaka yeye mwenyewe akakosa pa kupumulia. Gari likifunga breki nje, aliinuka kuchungulia, muda ukamwishia, akashindwa mchezo uliokuwa wake.

Siku moja Kasim aligeuza kompyuta ili anayecheza aipe barabara mgongo, akaweka kiti chake mwenyewe mlangoni. "Leo mlango iko yangu," alimwambia. "Wewe angalia mfalme yako."

Léopold alilowa jasho, lakini alicheza. Tangu hapo akapanda. Alijifunza kumwacha askari afe ili farasi apite. Alijifunza kwamba mwishoni, uwanja ukiwa mtupu, mfalme mwenyewe hutoka akafanya kazi. Mwaka 2013 alinipa malkia wake bure; nilimla kwa furaha, na muda si muda nikawa nimekwisha. Akaniandikia: "Leo ni weye unaogopa."

Februari mwaka huu alionekana na uvimbe tumboni. Madaktari wa Mbarara walitaka kumpasua mapema. Alikataa. Kisu hakukiogopa, aliogopa kulazwa usingizi. "Nikilala, nani atasikia gari?" alimwuliza Madeleine. Akaahirisha, akaahirisha tena, kama alivyokuwa akirudisha kete nyuma, na uvimbe ukawa unakua. Nami, kokote nilikokuwa, simu ikilia niliitazama kwanza kabla ya kuthubutu kuishika.

Julai Kasim alikuja hospitalini Mbarara, amefunga saumu, amebeba kiti kutoka dukani kwake. Alikiweka mlangoni pa chumba cha upasuaji, akakaa. Hakuhubiri. Alhamisi tarehe 9 Léopold alipitishwa hapo akiwa amelala kitandani.

"Uko hapo?" aliuliza.

"Niko."

Akafumba macho mwenyewe, kabla ya dawa. Walikuta uvimbe umeenea. Alifariki Jumamosi alfajiri, na Kasim alikuwa bado kitini, sasa mlangoni pa wodi.

Ameacha mjane, Madeleine. Watoto, Grâce na Néhémie. Mimi mdogo wake. Na Kasim, ambaye Madeleine ameomba aandikwe hapa kati ya ndugu.

Leo yeye anaondoka, sisi tunabaki. Kaka, zamu yako imekwisha. Mlango tunautazama sisi. Lala kwa amani.