Zogo Moyoni mwa Mjukuu wa Gundi

Benchi letu liko mbele ya karakana ya Shehata Abdel-Mawgoud, katika mtaa wa maseremala, Damietta, Misri. Watu humwita Gundi. Mimi niliyeandikisha vizazi vya mji huu kwa miaka thelathini na minne nalijua jina lake kamili. Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa imempoea mkononi. Mjukuu wake wa kwanza, msichana, alikuwa ametimiza siku saba, siku ya kuwasha mishumaa: kila mshumaa hupewa jina, na utakaowaka muda mrefu kuliko mingine ndio humpa mtoto jina lake. Lakini Gundi alikuwa ameifungia mishumaa kabatini. Daktari alikuwa amesikia “laghat” moyoni mwa mtoto, na kwetu laghat ni zogo, kama lile la sokoni. Sasa mtoto alikuwa hospitali, anapigwa picha ya moyo.

— Chanzo ni karakana hii, alisema Metwalli, ambaye tunamwita Redio. Mama yake kakaa juu hapo miezi tisa. Misumeno, randa, nyundo! Mtoto kayasikia yote, sasa moyo unayarudia.

— Basi wewe ungezaliwa na mnada mzima kifuani, alijibu Fikri, mpiga vanishi tunayemwita Msasa. Mimi nasema ni mioyo miwili. Mmoja umejificha nyuma ya mwenzake, inagombania upi utangulie.

— Mioyo miwili! Halafu unamcheka nani?

— Hebu nyamazeni, jamani, alisema Gundi. Kiti kikilegea natia gundi, nakibana na jiliwa, kwisha. Moyo wa kitoto kile nitaushika vipi?

Nilimuuliza kwa nini hakuiacha mishumaa iwashwe.

— Ustaadhi, na ikizimika yote mapema? Sitaki kuona.

Hapo akatokea Sabri, mkwewe, baba wa mtoto, jeli ya kupimia moyo imemkaukia kwenye mkono wa shati. Gundi akasimama.

— Mtoto kalia?

— Wala. Walimpa matone ya maji ya sukari, daktari akapitisha kifaa kifuani taratibu. Nimeuona moyo, baba! Unaruka kwenye kioo, damu huku nyekundu, huku bluu.

— Bluu! Redio akapiga paja. Si niliwaambia? Damu ya bluu ni ya kifalme!

— Hukutuambia kitu, alisema Msasa.

— Ni rangi za mashine, mzee Metwalli, alisema Sabri. Damu inayokuja kwenye kifaa wanaipa nyekundu, inayokwenda mbali bluu.

— Na zogo? Gundi aliuliza.

— Kuna mshipa watoto wote wanautumia wakiwa tumboni. Wakishazaliwa unajifunga. Wake umebakiza upenyo mdogo, damu ikipita hapo ndiyo inapiga kelele. Vyumba vyote vinne vizima, kuta nzima, milango inafunga sawasawa. Daktari anatarajia utajifunga wenyewe. Turudi baada ya miezi mitatu autazame tena.

— Bila gundi?

— Bila gundi, baba.

Gundi akaketi, akajifunika uso kwa aproni yake yenye vumbi la mbao. Msasa akaimwaga ile kahawa baridi, akaagiza nyingine ya moto. Redio akapaza sauti mtaa mzima iletwe mushabbak, ile keki yetu ya kukaanga yenye asali, na nyingi, na ya leo.

Tulikuwa tunalamba asali vidoleni alipofika mteja, mgeni kutoka Zagazig, anatafuta kitanda.

— Naona leo mna furaha.

— Fundi kapata mjukuu wa kike, alisema Redio, na moyo wake umepigwa picha, uko salama!

— Mashaallah. Anaitwa nani?

Redio alimgeukia Msasa. Msasa alinitazama mimi, mwenye maelfu ya majina kichwani. Nami nikamtazama Shehata, Gundi wetu.

Yeye alikuwa anapapasa mfuko wa aproni, anatafuta ufunguo wa kabati.

— Bwana, kitanda njoo kesho, alimwambia mgeni. Sabri, una kiberiti?